Miaka Kumi na Tisa ya Kupeleka Watu Amiens

Siku ya kwanza nilipopeleka watu Amiens, mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kufika Amiens. Sikuwa nimekanyaga Ufaransa kabisa. Naanza na aibu hiyo kwa sababu Brenda, binti wa Nakuru aliyerithi safari zangu, aliniambia juzi, "Anti, wewe ulizaliwa ukijua hii kazi." Sikuzaliwa nikiijua. Nilizaliwa Bukavu, nikafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari, vita vikanitoa, na nilipopata kibali cha kufanya kazi London nilianza kwa kuosha mabasi ya watalii katika yadi moja huko Peckham. Brenda ameniomba niandike niliyoyaona, ili yeye na wenzake wasome. Ya vyeo na mishahara nayaacha. Vyeo nilipata viwili, na vyote viwili maana yake ilikuwa moja: kuamka mapema zaidi. Kiswahili changu cha Bukavu kimenyooshwa na Wakenya kanisani na kupindwa tena na Wakongo wenzangu, kwa hiyo nisomeni kwa huruma.

Kazi ilinijia kwa mguu wa mtu mwingine. Mwanamke aliyekuwa anaongoza safari za Ufaransa aliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwake akavunjika. Meneja akaja yadini asubuhi akiuliza nani anajua Kifaransa. Niliinua mkono uliokuwa na brashi.

"Unaijua Amiens?"

"Naijua," nikasema. Na ilikuwa kweli kwa kiasi, maana jina hilo lilikuwa limeandikwa mbele ya basi nililokuwa naliosha.

Nilikuwa na siku tatu. Nikaazima kitabu maktaba, nikakisoma kwa Kiingereza, nikaandika maelezo kwa Kifaransa, nikajizoeza jikoni kwa Kiswahili. Binti yangu Furaha, aliyekuwa bado shule, alikuwa akinisikia nikiiambia sufuria habari za nguzo na madirisha. Yeye Kiswahili anakielewa chote na hukijibu chote kwa Kiingereza. Alichoniambia, nikikitafsiri, ni kwamba sufuria imeelewa na mimi nikalale.

Safari zetu zilikuwa za siku moja. Tunatoka Peckham kabla hapajakucha, tunachukua wengine Croydon karibu na stesheni, tunavuka na feri kutoka Dover, na saa sita na nusu mchana kwa saa za kule tunateremka chini ya kanisa kuu. Saa kumi na moja jioni tunaondoka. Katika masaa hayo manne na nusu mtu anataka aone kanisa, apande mashua kwenye bustani za majini, atembee mtaa wa zamani wa wafumaji ulio kando ya mifereji, ale, anunue biskuti za lozi, na aende chooni mara tatu. Hayo yote yanawezekana, ila ya chooni ndiyo yanayohitaji mipango.

Siku hiyo ya kwanza nilisimama mbele ya kanisa, watu arobaini wamenizunguka, nikainua macho. Kitabu kilikuwa kimeniambia ni kubwa. Hakikuniambia kwamba mtu ukiinua kichwa kulitazama, kofia inaanguka. Mlango mzima umejaa watu wa mawe, safu juu ya safu, na kila mmoja ana uso wake. Maneno yangu yote yakaniruka. Nikaanza kusema chochote. Nikasema mfalme fulani alilijenga. Nikataja karne. Mzee mmoja wa Kiingereza, mhandisi wa reli aliyestaafu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa adabu kubwa kwamba mfalme niliyemtaja alizaliwa baada ya kanisa kukamilika.

Nilirudi kwenye basi nimejikunyata. Dereva alikuwa Bwana Kanti. Huyu ndiye mwalimu wangu, kwa hiyo mjueni. Alikuwa Mhindi wa Kisumu, akikaa Queensbury, mwembamba, mwenye fulana ya sufu hata mwezi wa Julai. Kiswahili chake kilikuwa cha duka la baba yake, kile cha kuuzia sukari na misumari, na alikipenda kuliko Kiingereza. Aliponikuta yadini mara ya kwanza na kunisikia nikiimba kwa Kiswahili, alishangilia kama aliyekutana na shangazi yake.

"Mama Furaha, nini mbaya?" akaniuliza.

Nikamweleza habari ya mfalme.

"Sikiza, mama," akasema, akifungua chupa ya chai. "Ile kitu hujui, usiseme. Sema ile unaona. Macho yako iko mazuri. Na ukidanganya mzee wa Kiingereza, atakwenda soma kitabu, mwaka kesho atarudi na hiyo kitabu mkononi."

Nilifanya kazi yote iliyobaki kwa maneno hayo. Safari iliyofuata nikaanza na nilichokiona kwa macho yangu: upande wa kusini, nje, juu ya ukuta, kuna wafanyabiashara wawili wa mawe na gunia lao katikati. Walikuwa wakiuza majani ya kutengenezea rangi ya buluu ya vitambaa, na wenzao wa biashara hiyo walitoa sehemu kubwa ya mali iliyojenga kanisa. Miaka baadaye, nilipoanza kupeleka akina mama wa makanisa ya Peckham, hapo ndipo nilipowashika. Mtu aliyeuza vitenge soko la Kadutu, kule Bukavu, humwelezi sana. Anamwona mfanyabiashara na gunia lake, anacheka, anasema, "Kumbe ni sisi."

Vifaa vyangu nitavitaja kwa sababu Brenda anabeba begi kubwa mno. Mwavuli wa kuinua juu ili watu wakuone haufai. Mji ule una upepo na watalii wote wana miavuli. Mimi nilitumia mwiko wa ugali niliofunga kitambaa cha njano kwenye kichwa chake. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeufuata mwiko wa mtu mwingine. Tangawizi kavu kwa ajili ya feri. Soksi mbili za akiba, maana bustani za majini zina tope na wazee wana haraka. Sindano na uzi. Daftari la karatasi, kwa sababu simu huzima siku unayoihitaji. Hayo yanatosha.

Kuhusu bustani za majini nina neno. Ni viwanja vya mboga na maua vilivyokatwakatwa na mifereji midogo, na unavizunguka kwa mashua nyeusi zenye ncha zilizoinuka. Ni pazuri, na ukimya wake unawafanya watu walegee. Mzee mmoja wa Croydon alilegea hadi akapiga chafya, na meno yake ya bandia yakaruka majini. Yule Mfaransa mwenye mashua hakucheka. Alitoa wavu wa kuondolea majani, akachota mara ya kwanza akapata konokono, mara ya pili akapata kiatu cha mtoto, mara ya tano akapata meno. Mzee aliyasuuza kwa mvinyo mweupe, akayavaa, akasema yana ladha bora kuliko zamani. Fundisho: wape watu leso kabla ya kupanda mashua.

Sasa nije kwenye kisa kilichokuwa kigumu kuliko vyote.

Ilikuwa mwezi wa Mei, mwaka wangu wa saba. Basi lilikuwa na watu arobaini na saba. Nusu walikuwa akina mama wa kanisa moja la Kikongo, na nusu wateja wa kawaida. Kati ya akina mama alikuwamo mmoja aliyeitwa Nabintu, mtu wa maeneo ya kwetu, mlezi wa wazee katika nyumba moja ya kusini mwa London. Alikuwa mkimya. Hakusoma shule, na Kifaransa alijua salamu tu. Kwenye feri, wenzake walipokuwa wakipiga picha, yeye alikaa akishika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye foleni ya uhamiaji. Nilidhani ni bahari inamsumbua, nikampa tangawizi.

Tulipofika niliwapeleka kanisani. Nyuma ya altare kuu kuna kaburi la padri wa zamani, na juu yake ameketi malaika mdogo wa mawe, mtoto mnene, ameegemea mkono shavuni, analia. Watu wa mji wanamwita malaika anayelia. Ni mdogo sana kuliko watu wanavyomtarajia, lakini hakuna anayempita bila kusimama. Nilieleza, watu wakapiga picha, tukaondoka. Nabintu alibaki amekaa kwenye kiti, akimtazama. Nikaona anasali, nikamwacha. Wakati ule nilikuwa siulizi watu habari zao.

Saa kumi na moja nikahesabu vichwa. Arobaini na sita. Nikahesabu tena. Arobaini na sita. Mama mchungaji, kiongozi wao, akasema hakumwona Nabintu tangu kanisani. Simu yake haipatikani. Kutoka viti vya nyuma nikasikia mtu akinong'ona kwamba amekimbia. Nikageuka. "Kukimbilia wapi?" nikauliza. "Mtu amehangaika miaka yote na karatasi za London, leo anazo, ndipo akimbie?" Lakini moyoni nami nilikuwa na hofu.

Sheria ya kampuni ilikuwa wazi: ngoja dakika kumi na tano, kisha ondoka, mjulishe meneja, aliyeachwa atajitafutia njia. Niliwahi kuifuata. Mwaka mmoja kabla, bwana mmoja wa Kiingereza alisinzia kwenye baa, nikamwacha, na kesho yake alirudi kwa treni akiwa mchangamfu na kadi ya shukrani. Huyu hakuwa yule bwana. Huyu hakujua hata kuomba maji kwa lugha ya pale.

Nikamwendea Bwana Kanti kwenye usukani. Kwa madereva wapya sihitaji kueleza: ndani ya basi kuna mashine inayoandika kila dakika ya dereva, na ikipita saa zake, si huruma ya mtu inayohesabiwa. Alitazama saa yake, akatazama mashine.

"Nusu saa," akasema. "Nikitoka hapa saa kumi na moja na nusu, feri naipata, na saa yangu iko sawa. Nusu saa na dakika moja, mimi nakupenda mama, lakini nakwenda."

"Dereva amenipa nusu saa, watu je?"

"Watu ni kazi yako. Mimi ni gurudumu."

Nikachukua kipaza sauti, nikasema ukweli: mama mmoja hayupo, hajui lugha, naenda kumtafuta, tutachelewa. Bwana mmoja aliyekuwa amelalamika tangu Dover, kwanza kiti, kisha chai, kisha jua, akasema wazi kwamba yeye alilipia kuondoka saa kumi na moja. Nikamwambia ana haki. Akasema anajua ana haki. Nikashuka.

Nilipanda ule mlima wa kwenda kanisani nikikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na mbili na mwiko mkononi. Nilikuwa na wazo moja tu, kwamba nilimwacha kwenye kiti. Nikaingia, nikazunguka altare, na hapo alikuwapo. Kiti kilekile, mkoba palepale. Ungedhani naye ni wa mawe.

"Mama Nabintu, basi linakungoja."

"Liende," akasema bila kunitazama.

"Unasema nini?"

"Liende, Mama Furaha. Mimi nangoja yaya yangu."

Ndipo akanieleza, polepole, kama anayetoa vitu mkobani kimoja kimoja. Yaya kwetu ni dada mkubwa, na wake, Faida, alikuwa Lille, hukohuko Ufaransa. Walipoteana walipokimbia nyumbani, wakaja kujuana wako hai kupitia mtu wa kanisa. Miaka kumi na miwili hawakuonana. Faida karatasi zake zilikuwa bado zinashughulikiwa, hawezi kuja London. Nabintu alipopata pasipoti yake, safari ya kwanza aliyoona imetangazwa ni hii yetu, na kwenye tangazo palikuwa na picha ya malaika. Wakakubaliana kwa simu: kwa mtoto anayelia, saa nane.

"Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Niliogopa mtasema nataka kutoroka. Mtanishusha Dover." Akafuta macho kwa kiganja. "Saa nane hakuja. Walileta maiti, wakafunga kamba pale, watu hawakupita tena. Nikabaki ndani ya kamba. Nikitoka hapa naye akafika, atasema sikuja."

Niliiona kamba bado imesimama pembeni. Kulikuwa na mazishi. Nilikuwa nimewapitisha watu wangu mlango wa upande ili tusiyasumbue. Nikajiona mjinga.

"Simu yako iko wapi?"

"Ilikufa tangu baharini." Haikuwa imekufa, ilikuwa haina mtandao tu. Namba ya Faida ilikuwa humo. Nikaipiga kwa yangu. Ikaita, ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika tena. Mtu anayengoja karatasi hapokei namba asiyoijua. Mimi mwenyewe niliishi hivyo miaka minne. Mara ya tatu akapokea, kwa Kifaransa kikavu.

"Ni nani?"

Nikajibu kwa Kiswahili. "Wewe ndiye Faida?"

Nyuma yake nikasikia kengele ya stesheni na sauti ikitangaza treni.

"Nani anataka kujua?"

"Niko na mdogo wako Nabintu. Yupo hapa mbele yangu." Nikampa simu mwenyewe.

Sitasahau alivyoishika, kwa mikono miwili, mdomo karibu sana. "Yaya?"

Faida alikuwa na sauti ya kusikika bila spika. "Weye Nabintu! Uko wapi?"

"Niko kwa malaika."

"Malaika gani? Mimi nimekaa kwenye ule mlango mkubwa mpaka mgongo umekufa! Malaika wako mia pale juu, hakuna hata mmoja anayelia!"

Alikuwa amefika saa nane na dakika kumi. Akakuta kamba, watu wamevaa nyeusi, naye amevaa kitenge chekundu. Akaona haya, akatoka nje kungojea mlangoni. Ndugu wawili wamekaa zaidi ya saa mbili, kati yao kanisa tu. Saa kumi na nusu Faida akakata tamaa, akaanza kuteremka kwenda stesheni, taratibu, maana ana magoti mabaya. Sasa alikuwa jukwaani, treni ya Lille inakuja baada ya dakika saba.

Nilimnyang'anya Nabintu simu. "Mama Faida, usipande hiyo treni. Kaa mbele ya stesheni, nje. Tunakuja na basi."

Neno hilo nililisema kabla ya kufikiri kwamba basi si langu. Nikampigia Bwana Kanti huku tunateremka mlima, Nabintu amenishika mkono, anakimbia kwa viatu vya kanisani.

"Stesheni?" akauliza. "Stesheni iko njiani. Kidogo iko njiani." Haikuwa njiani hata kidogo.

Tulipopanda, yule bwana wa malalamiko hakuwepo kwenye kiti chake. Nikaona sasa nimempata mmoja na kumpoteza mwingine. Akatokea anavuka barabara na boksi la biskuti. Akaniambia kwamba kwa kuwa tunachelewa, ameona heri achelewe na kitu mkononi. Sikuwa na muda wa kumpenda, lakini nilianza.

Faida alikuwa amesimama mbele ya stesheni, mwekundu kama taa, na mfuko wa plastiki miguuni. Mlango wa basi ukafunguka. Nilitarajia vilio. Walisimama hatua mbili mbali, wakatazamana. Kisha Faida akasema, "Umenona."

"Na weye umezeeka," akajibu Nabintu.

Hapo ndipo wakashikana, viwiko kwa viwiko kwanza, halafu vichwa, na hawakuachiana. Akina mama wa kanisa walikuwa wameshashuka wote bila ruhusa yangu. Waingereza walibaki vitini wakitazama mbele kwa bidii, kama wanavyofanya mtu anapolia. Bwana Kanti aliinua vidole kumi, kisha kimoja. Dakika kumi na moja. Baada ya miaka kumi na miwili walipata dakika kumi na moja, na dakika ya mwisho Faida aliitumia kumkabidhi mdogo wake ule mfuko. Ndani mlikuwa na sombe, ya moto bado, imefungwa kwa taulo.

Basi lote lilinuka sombe mpaka Calais. Nabintu alipitisha vijiko. Bwana wa malalamiko aliuliza ni nini, akaambiwa ni majani ya muhogo, akala, akaomba tena. Bwana Kanti, ambaye hali nyama wala samaki, akauliza kutoka mbele, "Mama, ndani iko samaki?"

"Iko."

"Basi mimi nitakula harufu."

Feri tuliipata, zikiwa zimebaki dakika chache magari yaanze kuingia. Wiki iliyofuata barua ya malalamiko ilifika ofisini. Haikutoka kwa yule bwana. Ilitoka kwa mtu aliyekuwa kimya safari nzima. Jihadharini na wakimya. Meneja alinitoa kwenye safari kwa wiki sita, akaniweka ofisini nipokee simu, na akataka niandike maelezo. Niliandika ukweli, na mwisho nikaandika nasikitika kwa kuchelewa. Kuchelewa kweli kulinisikitisha. Mengine hayakunisikitisha, na hakuniuliza.

Kutoka siku hiyo, kila safari, kabla hatujafika Dover nilipita kiti kwa kiti nikiuliza kwa sauti ya chini, "Kuna mtu unakwenda kukutana naye?" Mtashangaa. Wengi hawana. Lakini kulikuwa na kijana aliyekuwa anakwenda kumwona baba asiyemjua, na bibi wa Kiingereza aliyekuwa na rafiki wa kuandikiana barua tangu shule, na mara moja mwanamume mwenye mchumba aliyeomba mkewe, aliyekaa kiti cha pili, asiambiwe. Huyo nilimwambia mimi sikuuliza kitu. Wote wengine niliwapangia mahali, saa, na mlango upi. Brenda, hili ndilo ninaloomba uliendeleze. Mwiko ukikushinda, tumia mwavuli.

Nabintu nilimfundisha kununua tiketi ya treni mwenyewe. Tulikaa mezani kwake Peckham, mwanawe akibonyeza simu, mimi nikitafsiri. Akawa anakwenda Lille mara mbili kwa mwaka, na Faida alipopata karatasi zake alikuja London akakaa wiki tatu, akalalamika juu ya baridi, nyanya, na jinsi mdogo wake anavyopika.

Miaka iliendelea. Ulipokuja ule ugonjwa uliofunga dunia, mabasi yalilala yadini na mimi nikawa nawapigia simu wateja wa zamani, wale wakaao peke yao. Hawakutaka kuzungumzia ugonjwa. Walitaka niwatembeze. Basi nikawatembeza Amiens kwa simu, kutoka kwenye kiti changu: sasa tunapita daraja, sasa kushoto kuna nyumba ya kijani, angalia ngazi. Mzee wa meno alikuwa mmoja wao. Kila mara tulipofika kwenye mashua aliniambia nisubiri, anafunga mdomo.

Bwana Kanti alistaafu mapema kuliko mimi, macho yalipoanza kumpungukia. Mwaka jana nilipojua safari yangu ya mwisho ni ipi, nilimpigia Queensbury nikamwambia aje kama abiria. Alikaa kiti cha kwanza, akamsahihisha dereva mpya mpaka Dover. Tulipofika, watu wakashuka, yeye akabaki. Nikamwambia, "Mzee, twende."

"Mimi nitangoja hapa na basi."

"Basi lina mwenyewe. Wewe leo ni mgeni."

Ndipo aliponiambia jambo ambalo kwa miaka kumi na mitatu tuliyosafiri pamoja sikuwahi kulifikiria: hakuwahi kuingia ndani ya kanisa lile. Dereva hupumzika na gari lake. Yeye alikuwa akiona ncha ya mnara tu, juu ya mapaa, akinywa chai.

Tukapanda mlima polepole, fimbo yake mkono wa kulia, mimi mkono wa kushoto. Brenda alikuwa mbele na watu. Ndani, Bwana Kanti alivua kofia, akainua kichwa, akakaa hivyo mpaka nikaogopa shingo yake. Hakusema kitu kuhusu ukubwa. Alisema, "Nani anapanguza vumbi huku juu?"

Katikati ya kanisa, sakafuni, kuna njia iliyochorwa kwa mawe meusi na meupe, inazunguka na kujikunja mpaka katikati. Zamani mahujaji waliifuata kwa sala. Kwa macho yake yale, weusi na weupe aliuona vizuri. Akaanza kuifuata, hatua kwa hatua, fimbo ikigonga. Mimi nilikaa kwenye kiti nikamngoja. Watoto wa shule walimpita mara tatu wakikimbia. Alifika katikati, akasimama juu ya jiwe, akatazama pande zote, akaniita kwa sauti iliyofanya mlinzi ageuke.

"Mama Furaha! Sasa kutoka ni wapi?"

"Popote, mzee," nikamwambia. "Hakuna ukuta."

Kisha akaja moja kwa moja nilipokuwa, akikanyaga mistari yote, nyeusi na nyeupe, akacheka mwenyewe.

"Hapa chai iko wapi?"

Nikamwambia chai ipo ng'ambo ya uwanja, lakini Wafaransa hawatii maziwa.

"Basi tutaomba," akasema, akanishika mkono, tukatoka.